Mlango wa Faina Savelyevna

Mama mkwe wangu, Faina Savelyevna, hajawahi kunipenda, na mimi sijawahi kumlaumu sana kwa hilo. Siku ya kwanza Larisa aliponipeleka kwao, mama yake alinitazama kuanzia viatu mpaka utosini, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikasema natengeneza lifti. Akasema, "Kwa hiyo kazi yako ni kupanda na kushuka bila kufika popote." Imepita miaka ishirini na miwili. Tunaishi pamoja ghorofa ya tano, vyumba viwili na jiko moja, na bado sijapata jibu la kumrudishia.

Mwaka huu macho yake yameanza kumtupa mkono. Si ule utando wa wazee unaoondolewa kwa kisu mtu akarudi nyumbani anasoma gazeti. Daktari alituchorea kwenye karatasi: katikati ya jicho kuna doa, doa linapanuka, pembeni bado panaona. Akitaka kukutazama usoni inabidi ageuze kichwa aelekee ukutani, ndipo akupate kwa ukingo wa jicho. "Theluji ikija kuyeyuka," daktari alimwambia Larisa kwenye korido, "na pembeni napo patakuwa pameisha." Larisa akalia palepale. Mimi nikauliza kama kuna dawa nyingine, sindano nyingine, hospitali nyingine, mji mwingine. Daktari akanijibu kwa upole wa mtu aliyeulizwa hivyo mara tatu tangu asubuhi. Niliuchukia upole ule. Mtu akikukatalia kwa ukali, angalau una pa kugombea.

Faina Savelyevna hakulia. Alikaa jikoni siku mbili. Siku ya tatu aliweka kijiko chini akasema, "Nipelekeni kasrini. Nataka kuuona mlango wangu."

Mlango huo naujua kwa masikio tu. Kasri liko nusu saa kwa treni kutoka Petersburg, na watu wa mjini huenda huko kila mapumziko kutembeza watoto na kulisha kindi. Faina Savelyevna alizaliwa katika mji huohuo, mwaka mmoja baada ya vita. Wakati huo kasri halikuwa na paa. Watoto walicheza kujificha ndani ya vyumba vya wafalme, na miti ilikuwa imeota kwenye ukumbi wa dansi. Alipofika miaka kumi na tisa alichukuliwa katika karakana ya mafundi wa kupaka dhahabu, na humo akakaa miaka ishirini na sita, wakirudisha chumba baada ya chumba mpaka likawa kasri tena.

Dhahabu yao huja katika karatasi nyepesi kiasi kwamba ukihema karibu yake, inaruka. Huwezi kuishika kwa mkono. Unachukua brashi ya manyoya ya kindi, unaipitisha kwanza shavuni mwako ili ipate mafuta kidogo ya ngozi, kisha unaigusisha kwenye karatasi, nayo inanata. "Mashavu yetu yalilisha kasri lile," hupenda kusema, hasa akiniona nimeketi tu Jumapili. "Wewe mkwe, shavu lako limelisha nini?"

Mume wake, Vilen, alikuwa mchongaji. Ndiye aliyechonga mlango wa chumba kidogo cha kulia, mlango mweupe wa mbao mbili, wenye shada la waridi lililochongwa kuzunguka uso wa ndani wa mbao hizo. Wa zamani uliungua vitani. Walichokuwa nacho ni picha sita zisizo na rangi, na katika zote sita pembe ya juu ya kushoto ilikuwa imefunikwa na kinara cha taa. Hakuna aliyejua palikuwa na nini. Wakubwa wakasema, endelezeni waridi. Vilen akaendeleza waridi kote, lakini pale pembeni akachonga kichala cha ryabina. Ryabina ni mti wetu wa matunda madogo mekundu, unaota kila uani. Mmoja ulikuwa chini ya dirisha la bweni la wasichana, na hapo ndipo Vilen alisimama majira yote ya baridi akimsubiri Faina, mpaka masikio yakamganda.

Alipomaliza alimwita juu ya jukwaa la mafundi, akamwonyesha. Faina akapaka dhahabu kile kichala kwa mkono wake, na ukisimama chini hutambui kama ni waridi au si waridi. "Hiyo ndiyo posa yangu," hutuambia. "Wengine walivishwa pete." Walijua wao wawili, na rafiki yake Rimma aliyekuwa akimshikia ngazi. Hadithi hii nimelishwa pamoja na supu kwa miaka ishirini na miwili, na kama kila kinacholiwa na supu, nilimeza bila kutafuna.

Vilen amekufa miaka kumi na mmoja sasa. Na tangu aache kazi, mwanamke huyu hakuwahi kurudi kule hata mara moja. Larisa alimwomba kila mwaka. "Nipange foleni kukodolea macho kazi ya mikono yangu?" alikuwa akijibu. "Nivae na kofia ya mtalii kabisa?" Sasa alitaka, na tulikuwa na majira haya ya majani ya manjano na yale ya baridi tu kabla giza halijamfika.

Tulitoka Alhamisi. Nilibadilishana zamu. Larisa alibeba mfuko wa mikate ya kabichi, mayai ya kuchemsha na chupa ya chai. Faina Savelyevna alivaa koti lake la kijivu na beji ya karakana yao, akajipaka rangi ya midomo bila kioo, ikatoka sawasawa. Kwenye treni alikaa dirishani akageuzia kichwa ndani ya behewa, maana hivyo ndivyo anavyoliona dirisha. Mwanamama mmoja aliyekaa mbele yake akadhani anamkodolea yeye, akahama. Yule muuza soksi na tochi alipopita, nikajaribu utani.

"Faina Savelyevna, nikununulie tochi?"

"Jinunulie mwenyewe, mkwe. Umulike ulipopotezea ujana wako."

Larisa akacheka mpaka akapaliwa na mkate. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ya daktari, na mimi nikalipokea tusi kwa moyo mweupe.

Kutoka stesheni tulipita bustanini kwa miguu. Majani ya maple yalikuwa yamefunika njia, wasichana wanayakusanya kusuka mataji, sanamu bado hazijafunikwa mbao za kuzikinga na baridi. Nilimpa mkono pale penye ngazi.

"Sijawa kipofu," akasema. "Nikishakuwa nitakutaarifu."

Lakini ngazi ya tatu aliikosa. Nikamdaka kiwiko, naye akakiacha kiwiko mkononi mwangu kana kwamba amekisahau. Niliona vibaya zaidi kuliko kama angenisukuma.

Foleni ilitushinda kwa kuitazama tu. Ilizunguka ua wote wa kasri, ikarudi, ikapinda kwenye vyoo. Nilimwacha mama na Larisa kwenye benchi, nikaenda mbele mpaka kwa kijana wa mlangoni mwenye kidude masikioni.

"Ndugu yangu," nikamwambia, "nina mama hapa. Miaka ishirini na sita amelipaka dhahabu jumba hili. Macho yanamwisha. Anataka kuona mlango mmoja. Dakika tano."

"Makundi kwanza, wananchi baadaye," akasema. "Utaratibu."

"Yeye si mwananchi, yeye ndiye aliyelijenga!"

"Mzee, mtazame yule bibi mwenye skafu ya kijani. Naye alilijenga. Na yule wa mkongojo, mumewe alilijenga. Kila bibi wa mji huu alilijenga. Nikiwapitisha wote, watalii watasimama wapi?"

Nikamwomba amwite mkubwa wake. Mkubwa yuko mkutanoni. Nikaomba namba ya simu ya mkubwa. Namba iko ukutani, na simu ikaita mpaka ikachoka. Nilirudi nimevimba, ngumi zimejaa mifukoni na hakuna wa kumpiga.

"Umewaambia mimi ni nani?" Faina Savelyevna akauliza.

"Nimewaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamesema wanakuheshimu sana."

Akatikisa kichwa. "Basi tupange foleni."

Tulisimama saa mbili na robo. Upepo ulikuwa unatoka ziwani na kuingia moja kwa moja kwenye mifupa. Alikataa kurudi kwenye benchi, akisema foleni ina haki zake na asiye kwenye foleni hayupo. Larisa alivua skafu yake, akamfunga mama juu ya ile aliyovaa. Kindi mmoja alikuja mpaka kwenye kiatu cha mama mkwe, akasimama kwa miguu ya nyuma akiomba. "Nenda zako," akamwambia. "Mimi nimewanyoa ndugu zako wote." Watu walicheka. Midomo yake ilikuwa ya buluu chini ya ile rangi, na mimi nilikuwa nahesabu vichwa vilivyobaki mbele yetu, nikikosea na kuanza upya.

Tulipoingia walitupachika kwenye kundi la watalii waliotoka mji wa Samara. Tukavaa vifuniko vya buluu juu ya viatu. Mwongozaji alikuwa binti mwenye mbio, anaongea huku anarudi kinyumenyume, na kila chumba alitupa dakika mbili. Faina Savelyevna hakumsikiliza. Alinishika mkono wa koti na kuninong'oneza yake. Hapa Rimma alianguka na ndoo. Hapa tulipika viazi kwenye jiko la gundi. Hapa, mkwe, inama utazame chini ya dirisha, niliharibu karatasi nzima ya dhahabu kwa kupiga chafya. Alikuwa amechangamka, shavu limepata damu. Hakuwa anaona hata nusu, lakini alijua chumba kinachofuata kabla mwongozaji hajakitaja.

"Kinachofuata ndicho," akasema. "Tukishapita, geuka nyuma. Uko kwenye ukuta tunaoingilia."

Tuliingia. Nikageuka. Nikaona uwazi wa mlango tuliopitia, na kundi la nyuma yetu tayari linasukumana ndani. Mlango wenyewe ulikuwa umefunguliwa wazi, mbao zote mbili zimerudishwa nyuma mpaka zimelala kwenye ukuta na kufungwa kwa kulabu ya shaba. Kilichotazama chumba ni mgongo wa mlango, mbao nyeupe tupu, hakuna hata ua moja. Waridi zote zilikuwa zimelala uso ukutani.

"Unauona?" akauliza.

Larisa aliona kabla yangu, akaziba mdomo.

"Mkwe, nakuuliza."

"Faina Savelyevna, mlango umefunguliwa. Umegeuziwa ukutani."

Aligeuza kichwa kuzitafuta zile mbao. Kisha akasema polepole, kama mtu anayehesabu madirisha ya nyumba aliyohama, "Sisi tulikuwa tukiufunga. Asubuhi tunaingia, tunaufunga, tunafanya kazi. Vumbi lisipite."

Ndivyo ilivyokuwa. Miaka ishirini na sita aliuona umefungwa, kwa kuwa fundi hufanya kazi ndani ya chumba kilichofungwa. Hakuwahi kuja kama mgeni. Wala hakuna fundi aliyewahi kuwaza kwamba wageni wanaopita kwa maelfu hupita mlangoni, na mlango wanaoupita watu uko wazi kutwa nzima. Ile kazi ya mikono yao ilikuwa imewekwa mahali ambapo, siku ya wageni, haionwi na mtu. Sijui kama kuna jambo lingeweza kumvunja moyo zaidi ya hilo. Mwenyewe aliguna tu.

"Vilen angecheka," akasema. Sauti haikucheka.

Pembeni, kwenye kiti, alikaa mlinzi wa chumba, bibi mwembamba wa sweta ya zambarau, kibao kifuani kimeandikwa Nonna Arkadyevna. Nikamwendea. Nilieleza yote kwa mkupuo mmoja, na Larisa akieleza yote upande wa pili.

"Mmoja mmoja," akasema. "Mnataka niufunge mlango?"

"Dakika moja."

"Mpendwa wangu, mimi hapa naruhusiwa kukaa na kusema 'msiguse'. Kufunga mlango ni kazi ya ofisi inayopanga makundi. Kamera ile pale. Kundi liko kila baada ya dakika nne."

Mimi ni fundi. Niliitazama ile kulabu ya shaba. Kidole kimoja. Kidole kimoja cha kuinua, na ubao ungekuja wenyewe, bawaba zimepakwa mafuta vizuri. Nimewahi kutoa watu wanane ndani ya lifti iliyokwama kati ya ghorofa kwa bisibisi na matusi. Na hapa nilisimama nimevaa soksi za plastiki, nikishindwa na kulabu ya ukubwa wa kijiko cha chai. Nilinyoosha mkono. Nonna Arkadyevna akasema, bila kupandisha sauti, "Usinifukuzishe kazi, mwanangu. Nina mjukuu mgonjwa." Nikaurudisha mkono.

Mwongozaji wetu alikuwa keshahamia chumba cha pili, anaita watu wa Samara. Hatukwenda. Faina Savelyevna alikuwa ameusogelea ukuta, ameingiza vidole kati ya ubao na ukuta, kwenye upenyo usiozidi unene wa sabuni. Alikuwa anapapasa. Nonna Arkadyevna alitakiwa kusema "msiguse". Akafungua mdomo, akaiona ile beji kwenye koti, akaufunga.

"Karakana?" akauliza.

"Ya Semyonov. Ya mwanzo kabisa."

"Mimi nilikuwa jikoni kwenu, mwaka wa sabini na nane. Nilikuwa nawapakulia uji."

"Ule uji ulikuwa na mabonge," akasema Faina Savelyevna.

"Maziwa hamkuwa mnatuletea."

Hawakukumbatiana, wala hawakutabasamu. Lakini yule bibi aliinuka akamsukumia mama mkwe wangu kiti chake, kitu ambacho nina hakika nacho hakiruhusiwi. "Saa nane kasorobo makundi ya watalii wa meli huchelewa," akasema. "Kuna wakati dakika sita zinapita hapa bila mtu. Si kila siku. Kaeni. Zikipita, zimepita. Zisipopita, msinilaumu."

Tukasubiri. Makundi yalipita, moja, la pili, la tano, tukaacha kuyahesabu. Kila mwongozaji alisimama palepale na kusema maneno yaleyale kuhusu meza na vyombo, na hakuna hata mmoja aliyetaja mlango. Saa nane kasorobo ikafika na kundi la shule. Saa nane ikafika na Wachina. Larisa alikuwa analia kimyakimya akiutazama ukuta. Mimi nilikuwa nawaombea watu nisiowajua wachelewe, meli yao izimike injini, mtu apoteze pasi, chochote. Hakuna nilichoweza kufanya zaidi ya kuombea mabaya wageni.

Saa nane na dakika kumi na mbili chumba kikawa kitupu.

Nonna Arkadyevna alisimama. "Wewe binti," akamwambia Larisa, "nenda ukasimame chumba cha nyuma. Ukiwaona, kohoa." Larisa akakimbia na soksi zake za plastiki. Bibi akainua kulabu. Mbao mbili zikaja bila sauti, zikakutana katikati, na chumba kikawa kingine kabisa. Waridi zilipanda kutoka chini mpaka juu pande zote mbili, dhahabu inawaka hata kwa mwanga ule wa mawingu. Nilikuwa nimeisikia hadithi, lakini sikuwa nimeelewa kwamba kazi yenyewe ni nzuri. Mkono wa huyu mwanamke tunayegombana naye kuhusu sufuria ndio uliofanya vile.

Faina Savelyevna aliinuka. Akageuza kichwa kushoto, akageuza kulia, akainamisha, akijaribu kulikwepa lile doa lake kama mtu anayejaribu kuchungulia nyuma ya mtu mrefu. Alisogea mbele. Akarudi nyuma.

"Naona mng'ao," akasema. "Naona manjano. Maumbo siyaoni." Akarudia, sasa kwa hasira, "Siyaoni."

Akanishika mkono.

"Mkwe. Wewe una macho ya ng'ombe. Angalia. Juu, kushoto, mwisho kabisa pembeni. Kipo?"

Nikaangalia. Juu, kushoto, mwisho kabisa pembeni, palikuwa na waridi. Waridi moja kubwa, limefunguka, na jani kila upande. Niliangalia pembe ya kulia, labda amechanganya. Waridi. Nilirudi kushoto. Dhahabu ya pale ilikuwa mpya kidogo kuliko ya jirani yake, kwa jicho la fundi inaonekana. Nikamgeukia Nonna Arkadyevna. Alikuwa nyuma ya mama mkwe. Alinitazama akaelewa ninachotafuta, akatikisa kichwa, na midomo ikasema bila sauti: *walipata picha nyingine.* Kisha akaonyesha vidole vitatu. Miaka mitatu. Walikuwa wamesahihisha.

"Kipo?" akauliza tena.

Nimemwambia mwanamke huyu ukweli kwa miaka ishirini na miwili. Nimemwambia supu yake ina chumvi, nimemwambia anamharibu binti yake, nimemwambia usoni kwamba Vilen alikuwa mlevi. Sikuwahi kumficha kitu, na nilijivunia hilo.

"Kipo," nikasema.

Vidole vyake vikanibana. "Kichala?"

"Kichala. Kimeinama kidogo."

"Kwenda wapi?"

"Kwenda ndani."

Akashusha pumzi. "Hesabu matunda."

Nilijua kuna idadi. Nilikuwa nimeisikia mara mia, kati ya mkate na kachumbari, kila mwaka siku ya kifo cha Vilen, na kila mara nilikuwa nawaza mambo yangu. Nilisimama nalikazia macho lile waridi kana kwamba litanionea huruma. Chumba cha pili Larisa akakohoa.

"Matano," nikasema.

Faina Savelyevna akaniachia mkono. Larisa akakohoa tena, kwa nguvu. Nonna Arkadyevna akarudisha mbao ukutani, akaweka kulabu, akakaa kwenye kiti chake, na watu wa meli wakajaa chumbani na kamera zao juu.

Njiani kurudi mama mkwe alilala, au alifumba macho, sikuwa na ujasiri wa kujua ni lipi. Larisa aliniuliza kwa sauti ya chini, "Amekiona?" Nikasema nimekitazama kwa niaba yake. Akanibusu begani. Nilijiona mwizi.

Nyumbani, kabla ya chai, Faina Savelyevna aliomba simu. Rimma anaishi Pskov na masikio yake hayasikii vizuri, kwa hiyo huongea naye kwa kelele na nyumba nzima inashiriki.

"Kipo, Rimma!" akapaza sauti. "Hapana, mimi siyo, mimi nimeona mng'ao tu. Mkwe wangu amekiona. Amehesabu matunda. Matano!" Akasikiliza. "Matano, nimesema!" Akasikiliza tena, kwa muda mrefu. "Ndiyo. Ndiyo, Rimma. Najua. Basi, lala salama."

Larisa alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini bila kumimina.

"Rodion," akaninong'oneza. "Baba alichonga tisa. Mama amenihesabia kwenye vidole vyangu tangu nikiwa mtoto. Kwa nini umesema matano?"

"Hakuna hata moja," nikasema. "Pana waridi. Kichala wamekitoa."

Akanitazama. Sote wawili tukageuka kuelekea mlango wa chumba cha mama yake, ambao ulikuwa wazi, umbali wa hatua nne. Alikuwa amejua tangu pale kasrini; hata kama hakutusikia sasa, tano yangu ilikuwa imemwambia. Nilitaka kwenda kumwangukia. Nilitaka anitukane, aniite fundi wa kupanda na kushuka, anirushie kikombe. Sikujua mtu huanza vipi.

"Mkwe," akaita. "Njoo hapa."

Nikaenda. Alikuwa amekaa kitandani, bado na koti, uso ameugeuzia ukutani ili anipate kwa ukingo wa jicho.

"Niambie tena ulivyo," akasema. "Taratibu. Ulinisomea haraka."

Nikavuta kiti. Nikaanza chini kushoto, waridi la kwanza, jani, waridi la pili lililofumba nusu, nikapanda nalo polepole mpaka juu, mpaka pembeni.

"Halafu kuna kichala cha ryabina," nikasema. "Kimeinama kwenda ndani. Matunda tisa."

"Tisa," akasema Faina Savelyevna, akafumba macho. "Endelea."